Namna ya Kumfumania Muuaji Kabla Chai Haijapoa

Mwanangu, hongera. Umeteuliwa kuwa mpelelezi katika riwaya ya mauaji, ile aina ya mauaji yasiyochafua zulia. Mwaka ni 1925, nchi ni Uingereza, umri wako miaka 23, na mwishoni mwa juma hili mzee mmoja mwenye mali nyingi na wapwa wengi atakutwa amekufa maktabani kwake, kabla wageni hawajateremka kupata kifungua kinywa. Treni yako ni ya saa kumi jioni. Tuna muda kidogo wa kufundana, maana kazi hii ina miiko yake, na dada zako waliokutangulia wameishika vilivyo, wakauza vitabu.

Tuanze na wazazi. Hao hawatakiwi. Mama mwenye akili zake hamruhusu binti yake kuteremka stoo ya mvinyo usiku wa manane, tochi mkononi, kumfuata mtu ambaye amekwisha kuua wawili na haoni taabu kuongeza wa tatu. Baba naye atataka kujua unarudi saa ngapi na nani anakusindikiza. Kwa hiyo wafe mapema, kwa homa au ajali ya boti. Kama mwandishi wako ana huruma, basi wawe wamefilisika na kuhamia kusini mwa Ufaransa. Badala yao utapewa shangazi, mkali wa kauli na mzito wa kuinuka: akukemee wakati wa chai, alale saa tatu, asisikie ngazi zikilia. Sisi tuliolelewa na vitabu vya Muhammed Said Abdulla tulimzoea mpelelezi wake, Bwana Msa, ambaye tangu Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 alikuwa na kiko chake na Najum wake, na sijapata kukutana na msomaji aliyeuliza Bwana Msa amemuaga nani nyumbani. Wewe utaulizwa kila mlangoni.

Mchumba naye awe ameshakufa, ila yeye afe vitani. Hapa riwaya haisemi uongo mkubwa: vita vya 1914 hadi 1918 viliua wanajeshi wa Uingereza zaidi ya laki saba, na wasichana wa rika lako walibaki na picha za vijana waliovaa sare. Daisy Dalrymple, mpelelezi wa riwaya za Carola Dunn, ana mchumba wa namna hiyo, tena aliyekataa kushika bunduki akafa akiendesha gari la wagonjwa. Mchumba marehemu ana manufaa. Anakupa huzuni ya kiasi, ya kukufanya uonekane una kina, na hana wivu unapobaki bustanini na inspekta.

Sasa pesa, jambo ambalo jalada la kitabu halilisemi. Jalada litakuita binti mwenye msimamo, asiyeburuzwa. Vizuri. Lakini msimamo hauna nauli, na upelelezi ni kazi ya gharama: treni, hoteli, telegramu, bakshishi kwa wapagazi wenye kumbukumbu nzuri. Phryne Fisher wa Kerry Greenwood, aliyeanza mwaka 1989 katika Cocaine Blues, alikulia katika umaskini wa Melbourne mpaka vita vilipoua jamaa wa kutosha kumfanya baba yake arithi cheo na mali. Tangu hapo ana fedha za kuendeshea magari ya kifahari na kuwapuuza watu. Lady Georgiana wa Rhys Bowen yeye ni wa 34 katika foleni ya kurithi kiti cha ufalme, na hana hata za kununulia makaa. Maisie Dobbs wa Jacqueline Winspear alianzia jikoni: mtumishi wa ndani mwenye umri wa miaka 13, akafumaniwa usiku akisoma vitabu vya mwajiri, na bibi mwenye nyumba badala ya kumfukuza akamsomesha. Ni hadithi nzuri. Katika nyumba nyingi za wakati ule angetoka asubuhi na sanduku lake, bila barua ya sifa.

Njia rahisi kuliko zote ni mjomba. Mjomba akuachie urithi wa kila mwaka, nawe usiulize ulikotoka. Nakusisitizia hilo kwa sababu wajomba wa riwaya hizi wana tabia ya kumiliki shamba la kahawa Kenya, na ukianza kuchokonoa utakuta mambo yasiyolika pamoja na keki: maofisa wa jeshi waliogawiwa ardhi baada ya vita kwa mpango wa mwaka 1919, na vibarua waliotembea na kipande, yaani pasi yao ya kazi, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mpelelezi hodari kama wewe, anayeweza kuangalia tope la kiatu akajua mtu kapita bustani gani, anatakiwa asilione tope hilo. Hiyo ni kesi ya riwaya nyingine, nasi huku tungefurahi kuisoma.

Kisheria umebahatika kiasi. Tangu 1919 mwanamke anaweza kuwa wakili, hakimu, hata kukaa kwenye juri. Kura huna: sheria ya 1918 iliwapa wanawake kuanzia miaka 30, tena kwa masharti ya mali, na kulingana na wanaume kutakuja 1928. Gari unaweza kuendesha. Leseni ni shilingi 5 na hakuna anayekupima, kwa kuwa mtihani wa lazima utaanza mwaka 1935. Ndiyo maana katika vitabu hivi unaendesha kwa kasi ya kutisha huku shangazi amefumba macho. Shangazi ana haki.

Kuhusu mavazi nina neno moja. Kofia ya mtindo wako wa sasa hubana kichwa na kufunika masikio yote mawili. Inapendeza sana kwenye jalada. Ukitaka kusikiliza mlangoni, ivue.

Tuje kwa marehemu. Bunduki ina kelele na kisu kina damu. Vyote viwili huharibu zulia. Chagua sumu. Agatha Christie alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza vipimo na tahadhari zake, na riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles ya mwaka 1920, ikamwua mtu kwa striknini kwa ufundi ambao mfamasia angeuelewa. Mimi hata hivyo nakushauri arseniki, kwa sababu iko bustanini. Inauzwa kuulia magugu. Sheria ya 1851 inamtaka muuzaji aandike katika daftari la sumu jina la mnunuzi, anakoishi na anaitakia nini, na ile inayouzwa kwa kiasi kidogo ichanganywe na masizi au nili ili mpishi asidhani ni unga. Daftari hilo ndilo litakalokupa jina. Utaingia dukani kununua sabuni, utaangusha leso, na mwenye duka akiinama kuiokota utakuwa umekwisha kusoma kurasa mbili.

Ukidhani nakutungia, sikiliza ya Herbert Armstrong, wakili wa Hay-on-Wye, mji mdogo mpakani mwa Wales. Mwezi Oktoba 1921 alimkaribisha nyumbani kwake wakili mshindani, Oswald Martin, wanywe chai. Akamkabidhi skonzi yenye siagi kwa mkono wake mwenyewe, huku akimwomba radhi kwa kutumia vidole. Martin akatapika usiku kucha. Bahati yake, baba mkwe wake ndiye aliyekuwa na duka la dawa pale mjini, na ndiye aliyemwuzia Armstrong arseniki; mzee akapiga hesabu. Polisi wakaanza kuchunguza chini kwa chini, wakamtaka Martin asionyeshe dalili yoyote kwamba anajua kitu.

Sasa mweke Martin mbele ya macho yako. Ofisi yake na ya Armstrong zinatazamana barabarani. Kwa wiki nzima, na nyingine, na nyingine, Armstrong anamwalika chai. Njoo leo. Basi njoo kesho. Kukataa bila sababu ni utovu wa adabu, kusema kweli kumekatazwa na polisi, na kukubali ni kaburi. Maskini akawa anatunga udhuru kila siku, mtu anayeokolewa na kazi nyingi na miadi ya uongo, mpaka Armstrong alipokamatwa siku ya mwisho ya mwaka. Mkewe, aliyefariki Februari ya mwaka huo, akafukuliwa, na arseniki ikakutwa mwilini. Armstrong alijitetea kwamba alikuwa ameigawa arseniki katika vipakiti vidogo vidogo, kimoja kwa kila gugu bustanini. Walimnyonga Mei 1922. Mwandishi wa riwaya angepeleka kisa hicho kwa mhariri, kingerudishwa na alama nyekundu: hakisadikiki, na mashaka ya Martin yanachekesha mno kwa jambo zito.

Turudi maktabani. Aliyemkuta marehemu ni mtumishi wa ndani. Siku zote ni yeye, kwa sababu ndiye pekee aliyeamka. Saa kumi na moja na nusu aliteremka na ndoo ya makaa na brashi, akapiga magoti mbele ya meko kuzoa majivu ya jana, na hapo kwenye majivu ndipo kesi yako ilipo. Msichana huyu anayajua majivu ya makaa ya mawe. Haya ya leo yana utando mweusi mwepesi juu yake, unaovunjika ukiguswa: karatasi. Anajua aliacha makaa kiasi gani ndooni saa nne usiku, na kwamba yamepungua. Aliyeongeza moto ameyatupia katikati yote kwa pamoja, yakazimika upande wa nyuma, kwa hiyo si mtu aliyewahi kuwasha moto maishani mwake. Hapo watumishi wote wameshatoka kwenye orodha ya washukiwa na waungwana wote wamebaki. Trei ina vikombe viwili, na kimoja kimefutwa kwa kitambaa kikavu, maana kingeoshwa jikoni kisingebaki na michirizi.

Yote hayo atakuambia kwa dakika tano, jikoni, kwa kuwa ulikaa kwenye kigoda na ukamwita kwa jina lake. Inspekta hakumwuliza, alimwagiza chai. Jumatatu utayasema sebuleni kwa kituo, ukiyarembesha na Kilatini kidogo, na watu wazima watatazamana kwa mshangao. Kumtaja msichana ni hiari. Desturi ni kumpa shilingi mbili na kumwoza kwa mtunza bustani katika sura ya mwisho, apende asipende.

Inspekta mwenyewe awe kijana, mjane au mseja, koti limechakaa kidogo kwenye viwiko. Lazima aanze kwa kukwambia urudi ukanywe chai na wanawake wenzako, maana asipokwambia hivyo msimamo wako utauonyesha kwa nani? Usitegemee kukutana na askari wa kike wa kukuunga mkono. Edith Smith, wa kwanza nchini humo kupewa mamlaka kamili ya kukamata, aliapishwa Grantham mwaka 1915, na kazi aliyopewa ilikuwa kuwadhibiti wasichana waliozunguka karibu na kambi ya jeshi. Maktabani hakuna aliyemwalika.

Zipo pia kanuni za fani. Padri Ronald Knox atazitangaza mwaka 1929, amri kumi kamili: njia ya siri ndani ya nyumba isizidi moja, mapacha wasizuke bila taarifa, sumu isiyojulikana na sayansi ni haramu, na mpelelezi asije akawa ndiye muuaji. Mwaka utakaofuata waandishi wataunda Detection Club, G. K. Chesterton akiwa rais wao wa kwanza, na wanachama wataapa mbele ya fuvu la kichwa cha mtu, fuvu lenye jina, Eric, kwamba wapelelezi wao hawatategemea ufunuo wa Mungu, sadfa, wala hisia za kike. Umesikia. Machale ya mwanamke yamewekwa fungu moja na miujiza. Dorothy L. Sayers alikuwamo humo klabuni na aliona ni mzaha mzuri, nami nacheka naye. Lakini wewe chukua tahadhari. Ukichezwa na machale kwamba muuaji ni daktari, nyamaza. Tafuta ratiba ya treni au stempu iliyobandikwa upande, useme hiyo ndiyo iliyokuonyesha.

Kisha kuna fikra zako. Fikra huru ulizopewa ni za msomaji, wewe umeazimwa tu. Watu wote nyumbani humo watakuwa wa mwaka 1925. Wewe utakuwa wa mwaka kitabu kilipochapishwa. Hutabagua tabaka wala dini, utaunga mkono uhuru wa India kabla hujaulizwa, na muuaji tutamjua mapema kwa jinsi anavyomkaripia mhudumu. Ni uvivu, na unauza.

Wapo wasioukubali uvivu huo, na hao wafuate kama mwandishi wako atakuruhusu. Sujata Massey, katika The Widows of Malabar Hill ya mwaka 2018, alimweka wakili wa Kiparsi, Perveen Mistry, katika Bombay ya 1921. Wajane watatu wa mume mmoja, Waislamu wanaokaa utawani, wametia saini hati ya kuachia mali yao iende wakfu, na saini zenyewe zinatia shaka. Polisi hawezi kupita pazia lile. Wakili mwanamume hawezi. Perveen anaingia, anakaa mkekani, anauliza. Msomaji wa Lamu au Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa pazia hilo ni nini, wala nani hujua siri za nyumba kubwa. Nyuma ya Perveen kuna mtu wa kweli, Cornelia Sorabji, mwanamke aliyefanya mtihani wa sheria Oxford mwaka 1892, akarudi India kuwa mshauri wa kisheria wa wanawake wa utawani, huku taaluma yenyewe ikimfungia mlango kwa miaka mingi. Massey hakuhitaji kumbunia shujaa wake uhuru wa kisasa. Kizuizi chenyewe ndicho kilichompa kazi, na kwa hukumu yangu sura moja ya pazia lile inashinda magari yote ya Phryne.

Kukusanya washukiwa sebuleni hakuhitaji somo. Simama karibu na dirisha, anza na asiye na hatia, mwache daktari amalize chai yake.

Baada ya hapo kitabu kitafungwa haraka, na haraka hiyo ina sababu. Hukumu ya mauaji nchini mwako ni moja, kunyongwa, na kwa desturi Jumapili tatu hupita kati ya hukumu na siku yenyewe. Hakuna keki ya kukuliwaza Jumapili hizo. Sayers alithubutu kulitazama jambo hilo usoni: katika Busman's Honeymoon ya 1937 mpelelezi wake, Lord Peter, anaingoja saa ya kunyongwa mtu aliyemkamata yeye mwenyewe, akivunjika moyo mikononi mwa mkewe. Wengine wengi huteremsha pazia pingu zinapolia.

Nikwambie basi habari ya Edith Thompson, usije ukasema hukufundwa. Alikuwa mwanamke wa London mwenye kazi yake, mnunuzi wa kampuni ya kofia, aliyepata mshahara mkubwa kuliko mumewe na kuendelea na kazi baada ya kuolewa. Alikuwa na mpenzi, Frederick Bywaters, naye usiku mmoja wa Oktoba 1922 akamchoma mume kisu njiani. Hakuna aliyethibitisha kwamba Edith alijua. Mahakamani zilisomwa barua zake za mapenzi, ambamo alijigamba kumwekea mumewe sumu na vipande vya glasi chakulani. Bernard Spilsbury, mtaalamu wa serikali, alipoupasua mwili hakukuta dalili ya sumu wala glasi. Edith alikuwa msomaji mkubwa wa riwaya, na huenda alikuwa akijitungia moja. Walimnyonga gereza la Holloway tarehe 9 Januari 1923, akiwa na miaka 29: mkubwa wa kutosha kwa kitanzi, mdogo kwa sanduku la kura. Fikra huru alikuwa nazo, na kipato, na kofia. Mwandishi mwema ndiye aliyekosekana.

Mwandishi wako akifunga kitabu kabla ya Jumapili ya kwanza, mshukuru, usimwulize kitu.

Limebaki la ndoa. Inspekta atakuposa, pengine kwenye jukwaa la stesheni, katika mvuke. Usikubali. Najua Amelia Peabody wa Elizabeth Peters aliolewa katika kitabu cha kwanza kabisa, mwaka 1975, na mambo yakamnyookea. Lakini mumewe ni mwanaakiolojia huko Misri, na mke na mume wote kazi yao ni kufukua. Wewe uko Uingereza. Kanuni ya kuwaachisha kazi walimu wa kike wanapoolewa itafutwa mwaka 1944, na ile ya watumishi wa serikali mwaka 1946. Hiyo ni kama miaka 20, sawa na vitabu 20 kwa mwandishi mwenye bidii. Inspekta na angoje.